Nondo Kumi na Sita za Pandeli

Nyumba ya Marehemu Argyris,
Mtaa wa Juu,
Kyparissia, Ugiriki.

Tarehe 9 Septemba, 2023

Mpendwa mdogo wangu Pandeli,

Salamu nyingi zikufikie huko Adelaide, wewe, mkeo Effie na wanao wote wawili. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba ile dawa ya presha unaimeza kila asubuhi, si siku unazokumbuka tu. Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, lakini kwenye tambarare natembea kama zamani. Zeituni za mwaka huu ni chache, zabibu zimekuwa tamu, na joto la Agosti nusura litumalize. Shangazi Polyxeni yu hai na bado anagombana na redio.

Nakuandikia kwa kalamu, na sababu unaijua. Kwenye simu nakutumia maneno mia moja, wewe unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Hii ni barua, kidole gumba hakiingii. Isome umekaa, miwani usoni, na usimpe Effie akusimulie kwa kifupi.

Ujumbe wako wa sauti niliupata siku mbili baada ya sikukuu ya Bikira, nikiwa bado nasugua masufuria ya wageni. Ukasema umeona fleti ya vyumba viwili huku kwetu, karibu na bahari, unataka kuinunua uwe unawapangisha wageni wa kiangazi, na ukistaafu uje ukae mwenyewe. Ukaniomba niende nikaitazame kwa sababu mimi nina jicho. Jicho ninalo, kweli. Na ulimi ninao, kwa hiyo vumilia.

Kwanza, nyumba ya hapa haitazamwi Agosti. Agosti kila nyumba ni nzuri, hata banda la mbuzi. Unyevu umejificha, jua linaingia kila dirisha, bahari inang'aa, na mnunuzi ametoka ughaibuni akiwa na machozi ya nyumbani machoni. Njoo Februari. Njoo siku ambayo upepo wa baharini umevuma wiki nzima, uvue viatu, ukanyage sakafu. Ukishindwa kuja, mtume mtu akanuse. Ukuta uliopakwa rangi mpya kuanzia chini mpaka kwenye kiuno tu, hapo kuna chumvi inayotafuna lipu. Tia mkono nyuma ya kabati la nguo. Na usimuulize mwenye nyumba, muulize mama anayekaa ghorofa ya chini yake.

Pili, mhandisi awe wako, si wa dalali. Bila cheti cha mhandisi kwamba nyumba ilivyo ndivyo ilivyo kwenye ramani, siku utakapotaka kuiuza hutaiuza. Watu wetu unawajua. Mtu anaziba roshani kwa vioo, anaweka kitanda, anaiita chumba. Na kwa kuwa picha zako nimezikuza hadi zikawa chembechembe, nakuambia mapema: hicho chumba chako cha pili ni roshani.

Tatu, ukishapangisha, siku ya kukabidhi ufunguo andika kila kilichomo na upige picha. Kila kitu, Pandeli. Unamkumbuka yule fundi viatu tuliyempangisha ukumbi wa upande, enzi za marehemu mume wangu Nondas? Alipoondoka aling'oa milango miwili akasema alikuja nayo. Nondas, Mungu amrehemu, alisimama pale kwenye uwazi akisema, "Basi labda ni kweli, ni mtu mpole." Milango ya baba! Mkataba uandikwe, usajiliwe, na umeme na maji viende kwa jina la mpangaji siku hiyohiyo kabla hata hujamwekea kahawa.

La nne ndilo lililonitoa usingizini. Ukinunua fleti ya ghorofa ya mwisho, uliza hewa ya juu ni ya nani. Nani mwenye haki ya kujenga juu yako. Maana ukikaa chini ya hewa ya mtu mwingine, huwezi kupiga msumari kwenye paa bila ruhusa yake, na yeye akiwa mbali, akiwa ana mambo yake, akiwa anajibu kwa vidole gumba, basi mvua ikinyesha ni wewe na beseni lako.

Hapa nilitaka ucheke. Mimi nilicheka, tena peke yangu jikoni, na kicheko hakikuwa kizuri.

Sasa nikupe habari ya kwenda kuitazama hiyo fleti. Dalali ni Zinovia, yule binti wa mwoka mikate, anayevaa miwani ya jua kichwani hata kanisani. Tulipatana tukutane mbele ya duka la dawa barabara ya bahari. Nilikuja na viatu vya kutembelea, mita ya kupimia na goti langu. Akanishika mkono: "Twende mama, ni hapahapa, utaipenda, utasema mdogo wako ana bahati."

Tukakata kona kwenye kichochoro. Kichochoro nakijua. Tukaingia mlango wa kijani. Mlango naujua. Tukaanza kupanda ngazi ambazo nazipanda kila Jumapili na sufuria ya chakula mkononi, na nikawa nasema moyoni, kuna fleti nne hapa, itakuwa nyingine. Zinovia akabonyeza kengele ya ghorofa ya tatu.

Aliyefungua ni Rania. Ndiyo, mpwa wako, binti yangu wa pekee, mwenye jina la mama yetu. Tumbo lilitangulia mlangoni, mwiko mkononi.

"Mama? Leo umekuja na nani?"

"Ah, mnafahamiana?" Zinovia akauliza.

"Kidogo," nikamwambia. "Nilimzaa."

Zinovia akashusha miwani kutoka kichwani akaivaa, ndani ya nyumba. Picha zile alizokutumia, kumbe zilipigwa kabla Rania na mumewe Lambros hawajahamia, nyumba ikiwa tupu, ndiyo maana sikuitambua. Bahari ni bahari, kuta nyeupe ni kuta nyeupe. Rania akatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa dalali, akaelewa kabla yangu.

"Mwenye nyumba alituambia mwanawe anarudi kutoka Athene," akasema. "Kwamba anataka pa kukaa. Ndiyo maana tukakubali kutoka bila kelele."

"Dada, mimi natembeza ufunguo tu," Zinovia akamjibu. "Mteja yuko Australia, ana haraka. Mambo ya mwana wa mwenye nyumba mimi siyajui."

"Australia wapi? Mteja nani?"

Pandeli, kwa miaka sitini na minne sijawahi kukosa neno. Nikakohoa, nikaangalia mita yangu, mwisho nikasema, "Ni mjomba wako."

Rania alicheka kwanza. Kisha akavuta kiti akakaa, akaweka mwiko mapajani. "Mjomba anataka chumba changu cha kulala? Angeniambia mapema, ningemtandikia shuka safi."

Sijakuandikia haya nikusingizie. Najua hukujua. Rania pia anajua, na aliniambia nikuandikie hivyo, kwamba hukujua. Lakini jambo la kutojulikana likishajulikana halirudi kwenye kisanduku. Mkataba wao umekwisha, wametakiwa watoke ifikapo siku ya Mtakatifu Dimitri, yaani siku arobaini na saba tangu leo, na mtoto anatarajiwa katikati ya Novemba.

Usiniambie watafute nyingine. Wametafuta tangu Juni. Mji umejaa nyumba tupu na hakuna nyumba. Kila mwenye chumba anakipangisha mpaka Mei tu, halafu toka, wageni wanakuja. Walimu wapya wa shule wanahama na masanduku yao kila mwaka kana kwamba wamefanya kosa. Lambros ni fundi umeme, ameweka nyaya kwenye nusu ya nyumba hizo kwa mikono yake, na hata moja hawezi kuipanga mwaka mzima. Nawe ulikuwa unaomba ushauri jinsi ya kuongeza moja kwenye hesabu hiyo. Nilikasirika, sikufichi. Niliporudi nyumbani nilipasua sahani, ingawa ile ya zamani yenye ufa.

Na kwa kuwa uliniomba niikague, niliikagua, maana sitaki useme Asimina alikupa nusu kazi. Nyuma ya kabati la nguo kuna ukungu mweusi ambao mimi mwenyewe nimeufuta kwa siki majira matatu ya baridi. Roshani iliyozibwa haimo kwenye ramani. Bomba la bafuni linaimba. Fleti hiyo si nzuri, usiinunue, na ningekuambia vivyo hivyo hata kama angekuwa anakaa humo jini.

Utaniuliza kwa nini wasije kukaa kwangu. Hilo ndilo ninalotaka uulize.

Kwangu kuna chumba changu, jiko, sebule, na chumba cha nyuma kilichokuwa cha mama. Chumba cha mama hakilaliki. Mwezi wa saba nilimwita fundi Kosmas aje atazame dari. Aligonga kwa nyundo mara moja tu, taratibu, kama daktari agongavyo kifua, na kipande cha zege cha ukubwa wa mkate kikaanguka pale ambapo kitanda cha mtoto kingekaa. Akashuka kwenye ngazi akafuta uso. "Bi Asimina, maji haya hayatoki kwenye paa. Yanatoka kwenye nondo. Yanashuka nazo ndani kwa ndani kama kwenye mrija."

Nondo zako, Pandeli. Kumi na sita, zimesimama juu ya nyumba zikingoja ghorofa yako tangu ulipokuwa na umri wa miaka ishirini na moja.

Unaikumbuka siku ya slabu? Mimi naikumbuka hata harufu yake. Mafundi walipomaliza kumwaga zege, baba alimtundikia kila mmoja shati jipya la zawadi, mama akapakua mbuzi na makaroni, na wewe ulikuwa na saruji mpaka kwenye nyusi. Mhandisi alimwambia baba zile nondo zinaweza kukatwa sasa, paa lifungwe vizuri, lipigwe lami. Baba akakataa. Akasema mbele ya wote: "Chini ni ya Asimina, aende nayo kwa mumewe. Juu ni ya Pandeli. Mimi nitakaa katikati nisikie nyayo za wote wawili." Akaenda akaandikisha hivyo. Nyumba kwangu, hewa kwako.

Miaka mitatu baadaye ukaondoka kwa miaka miwili tu. Ni wewe uliyesema miwili.

Sikulaumu kwa kuondoka. Kazi hazikuwepo, na barua zako za mwanzo zilikuwa zinanuka dawa ya kiwanda. Ninachokulaumu ni kwamba hukuondoka kabisa wala hukurudi. Umekaa juu ya kichwa changu miaka thelathini na sita. Baba alitaka kusikia nyayo, akafa hajasikia, nami nasikia matone.

Mama alikuwa anazivalisha makopo. Kila mwaka ikifika sikukuu ya Msalaba, kabla mvua hazijaanza, alipanda na makopo matupu ya nyanya, kumi na sita, ameyaosha yakang'aa, akayafunika juu ya nondo moja moja zisipate kutu. Alikuwa na miaka themanini na moja bado anapanda, mimi chini nimeshika ngazi nikipiga kelele. Majirani walikuwa wanamtania: "Ourania, unawavika kofia wanajeshi wako?" Yeye anajibu, "Ni fleti ya mwanangu, naifunga milango." Na maji yalipoanza kudondoka chumbani mwake, nilipotukana, aliniambia, "Usiyalaani hayo maji. Yanatoka nyumbani kwa Pandeli."

Nitafanya nini na maneno kama hayo? Nikaleta beseni.

Sasa nikiri na la kwangu, maana barua hii isiwe ya upande mmoja. Ulipokuja mwaka 2009 kwa arobaini ya mama, tumeshakula ile ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, watu wameondoka, ulikaa kwenye kiti cha baba ukaniambia, "Dada, niisaini hii hewa iwe yako? Mimi sijui kama nitarudi." Ulikuwa na kalamu mfukoni. Ofisi ya wakili wa hati ni dakika tano kwa miguu. Nami nikakuambia, "Acha. Mama atasikia." Mama alikuwa siku arobaini kaburini. Nilijidai namhurumia yeye, lakini kweli ni kwamba sikutaka kuisikia ile sentensi yako ya pili, kwamba hujui kama utarudi. Nondo zikikatwa, umehama. Zikiwa zimesimama, umechelewa tu. Nilichagua umechelewa. Na tangu hapo makopo nayapandisha mimi.

Kwa hiyo kosa tumeligawana. Lakini wakati ule lilikuwa linanilowanisha mimi peke yangu, sasa linamtafuta mtoto ambaye hajazaliwa.

Nimekwenda kwa mhandisi Fotis, mtoto wa yule mhandisi wa baba. Amepanda, amepima, amekuna kutu kwa kisu. Anasema juu zimeoza, lakini kwa ndani bado zina uhai, na akisafisha anaweza kuunganisha nondo mpya. Yakipita majira mawili mengine ya baridi, anasema, haitawezekana tena, itabidi kuvunja slabu yenyewe. Anachoweza kufanya sasa hivi ni kufunga paa kwa muda, chumba cha mama kikauke kabla ya Novemba, na wakati wa Pasaka Lambros na baba yake, ambaye ni mpiga lipu, waanze kujenga vyumba viwili juu. Nilimwambia aanze kesho. Akanitazama kana kwamba nimemwomba aibe kuku. "Bi Asimina, mwenye hewa ni nani? Bila sahihi yake sigusi hata kopo."

Basi nakuuliza wewe, mwenye hewa. Njia ni tatu, sioni ya nne.

Ya kwanza, njoo ujenge. Uliniambia unataka kustaafu huku, na nyumba unayo, ina mandhari ya bahari kuliko ile ya kichochoroni, na chini yake kuna mtu atakayekupikia. Ukichagua hii sitasema neno, na Rania atakaa chumba cha mama mpaka apate pake. Lakini uje kweli. Na kabla hujauza nyumba yako ya huko, kaa huku majira mazima ya baridi, na Effie, bila likizo na bila ngoma. Unamkumbuka Stelios aliyerudi kutoka Chicago na kontena la fanicha? Makochi hayakuingia mlangoni. Baridi ya pili tu, alifunga madirisha akarudi kwa wajukuu zake, na mpaka leo makochi yako kwenye ghala la mashua, kuku wanatagia humo. Usilete kochi. Jilete wewe.

Ya pili, mpe Rania hewa. Nenda kwa konsuli huko, usaini hati ya uwakili. Na hapa sikiliza ushauri wa mwisho, wenye thamani kuliko yote niliyoandika: usisaini hati ya jumla, ile inayosema mtu afanye chochote kwa mali yako yoyote. Watu wamepoteza mashamba kwa hati hizo, tena kwa ndugu wa tumbo moja. Iandikwe jambo moja tu, hewa ya nyumba hii, kwa mtu mmoja, Ourania binti wa Epaminondas, ndiyo majina kamili ya Rania na marehemu Nondas. Hata mimi usiniamini zaidi ya mstari mmoja. Bi Theodosia, wakili wa hati, ameshaandaa maneno, nimeyaweka ndani ya bahasha hii, karatasi ya bluu.

Ya tatu, kama huwezi kuja na huwezi kutoa, basi tia saini nondo zikatwe. Ni karatasi ya njano. Fundi azikate usawa wa zege, paa lipigwe lami, chumba cha mama kikauke, na juu yetu pabaki mbingu. Itaniuma, lakini nitaipokea. Lolote kati ya haya matatu nitalipokea. Kimya sitakipokea.

Na usije ukafikiri ile njia ya kuinunua hiyo fleti kisha umwachie Rania aishi humo kwa hisani yako. Najua moyo wako, lazima umeshaifikiria ulipofika mstari wa mlango. Asante, hapana. Rania hatakubali, mimi sitakubali, na ukungu ule hautakubali. Mtoto akue mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia Mei imefika.

Rania hajui nimeandika hivi kwa ukali. Yeye anasema, mwache mjomba, ana maisha yake. Anakupenda, yule. Bado anatunza ile kangaruu ya manyoya uliyomletea akiwa na miaka minne, haina jicho moja. Lambros ananiambia nisilazimishe, kisha namkuta amesimama uani anatazama juu, anapima kwa macho. Nami nikimwona hivyo najifanya naokota majani.

Wengine wote wanakusalimu. Shangazi Polyxeni anauliza kama huko mnapata jibini ya maana. Binamu yetu Efstathia amefungua duka la maua, heri yake. Kosmas fundi anakusalimu sana, mlicheza mpira pamoja, anasema ulikuwa mlinda lango mbaya. Padri ameuliza jina lako kamili ili akuombee, nikamwambia wewe ni Pandelimon hata kama huko wanakuita Pete. Nisalimie Effie, mwambie yale mapishi yake ya keki ya machungwa yalifaulu mara ya pili. Wabusu wanao, hasa Argyris, hata kama anataka kuitwa Gary. Jina la baba halipungui kwa kufupishwa.

Bikira akufunike kwa shela yake, akuepushe na barabara mbaya na daktari mwenye haraka. Umri wako uwe mrefu na magoti yako yawe mepesi kuliko yangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku nilizonuna,

Asimina

Nyongeza: Nimeifungua bahasha tena. Alhamisi ni sikukuu ya Msalaba. Makopo ya mwaka huu nimeyaosha, yote kumi na sita, nimeyapanga mezani hapa ninapoandikia, na ngazi nimeitoa. Nimekaa nimeyatazama tangu asubuhi. Mwaka huu sipandi nayo, Pandeli. Atakayepanda juu ni fundi, au ni wewe.